Daftari la Fursa: shajara ya Jumamosi za Changanyikeni

Jumamosi, 1 Februari 2025

Tumeanza. Tuko tisa, barazani kwa Mwalimu, Changanyikeni, nyuma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu alifundisha sosholojia Mlimani hadi alipostaafu, na watano kati yetu tulipita mikononi mwake. Humu sitaandika majina ya watu, nitawaita kwa mitaa yao.

Kilichotukutanisha ni simu za wiki iliyopita. Tarehe 20 Januari serikali mpya ya Marekani ilitangaza kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na kabla wiki haijaisha miradi ikaamriwa kusimamisha kazi. Wanne kati yetu tulikuwa na mikataba ya muda kwenye tafiti za afya zilizolipwa na fedha hizo. Dada wa Mbagala alipigiwa akiwa Chanika, kaya ya kumi na saba kati ya thelathini. Kilichomuuma hakikuwa posho ya siku zilizobaki. Mama aliyekuwa akimhoji alikuwa ameanza kueleza kifo cha mwanawe, ameshafika siku ya pili ya kulazwa, na msimamizi kwenye simu anasema funga kila kitu urudi. Akafunga kishikwambi, akaaga, akaondoka. Ametusimulia leo huku akitazama chini, na hakuna aliyemkatiza.

Naliandika hili mwanzoni kabisa nisije nikalisahau tutakapozama kwenye fomu na tarehe. Tuna shahada. Wawili wana uzamili, mmoja yuko mwaka wa pili wa uzamivu. Kwa miaka sita, nane, kumi, tumebeba maswali ya watu wengine mlango kwa mlango, kutoka Kigamboni hadi Kibiti. Tunajua swali lipi litamkera baba mwenye nyumba na lipi litamchekesha bibi. Lakini Mwalimu alipouliza nani ameandika swali la utafiti la kwake mwenyewe tangu amalize chuo, ulinyanyuka mkono mmoja.

Tumekubaliana tukutane kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Matangazo ya ufadhili na kazi tutayasoma kwa sauti na kuyafasiri hapo hapo, mstari kwa mstari, maana wengi wetu tumekuwa tukiyapitia harakaharaka kwenye simu ndani ya daladala na kuyaacha. Mchango ni elfu tatu kwa wiki, kwa ajili ya bando na steshenari. Na hakuna atakayetuma maombi ambayo wenzake hawajayasoma. Mimi nimepewa kazi ya kutunza daftari.

Jumamosi, 8 Februari

Kikao kizima kimeishia kwenye neno moja. Wengine wanasema feloshipu, Mwalimu anataka tuseme ufadhili wa mtafiti. Ubishi ulikuwa na faida, kwa sababu katikati yake ndipo tulipoelewana kwamba tumekuwa tukichanganya vitu vitatu. Kuna fedha zinazofuata mradi: zinalipia nauli, wasaidizi, vifaa, na zikiisha zimeisha. Kuna fedha zinazomfuata mtu: zinakununulia muda wa kusoma, kuandika, kukaa na wenzako, na wanaozitoa wanatazama wewe ni nani na unaelekea wapi. Halafu kuna ajira, ambako wanatafuta mtu wa kuziba pengo walilokwisha kulijua. Barua moja haiwezi kufaa hata viwili kati ya hivyo, sembuse vyote vitatu. Kaka wa Tandika ametoa barua yake aliyoituma mahali kumi na mbili mwaka jana bila kubadilisha hata aya. Tumeiweka kando kwa heshima.

Mwalimu alitupa historia kidogo, na nimeiandika kwa sababu hatukuwahi kufundishwa darasani. CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii la Afrika, lilianzishwa 1973 na makao yake yako Dakar. OSSREA, la mashariki na kusini mwa Afrika, likafuata 1980, Addis Ababa. Kwa maneno yake, watu walioyaanzisha walichoka kuwa macho na miguu ya wataalamu wa mbali. Halafu akatutajia mpango mmoja wa Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii la New York, ulioanza 2011 kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, uliolenga walimu wa vyuo wanaosomea uzamivu katika nchi sita, Tanzania ikiwemo. Ulikuwa na ngazi. Ya kwanza ilitoa hadi dola 3,000 kwa ajili ya kuandaa pendekezo la utafiti tu, kabla ya ngazi ya hadi dola 15,000 ya kwenda uwandani.

Hapo nilisimama na kalamu. Kuna watu waliokubali kulipia muda wa kulitafuta swali. Sisi tumezoea kulitafuta usiku mmoja kabla ya siku ya mwisho.

Jumamosi, 15 Februari

Umeme ulikatika saa nne, tukaendelea na simu mbili zilizokuwa na chaji.

Matangazo 41 yamekusanywa. Tumeyafuta 26. Mengine yalikuwa ya raia wa nchi nyingine, mengine umri umetupita, mengine yalishafungwa mwaka juzi na watu bado wanayasambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Mawili yalikuwa utapeli: barua nzuri yenye nembo, umechaguliwa, tuma dola 85 za kushughulikia faili lako. Dada wa Ubungo alikiri kuwa mwaka 2021 alituma fedha za namna hiyo, akakopa kwa shemeji yake. Alilia. Nimeandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la ndani la daftari: mfadhili wa utafiti hakudai fedha ili akupe fedha. Ada ya kuomba nafasi ya masomo chuoni ni habari nyingine, na hiyo inatajwa wazi na chuo chenyewe.

Yamebaki 15.

Jumamosi, 22 Februari

Leo ilikuwa siku ya saa. Ninaomba yeyote atakayelifungua daftari hili asome hapa polepole.

Tulikuwa tunasoma masharti ya Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza 1983 kwa ajili ya shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Sharti lililowakatisha tamaa wengi ni uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Dada wa Mbagala akasema yeye hana, hajawahi kuajiriwa, ana vipande tu. Mwalimu akamwambia asome tena. Miaka miwili inahesabiwa kwa saa, nazo ni 2,800, na vipande vinaruhusiwa kujumlishwa, hadi nafasi 15 tofauti.

Tukaketi kuhesabu. Alikuwa na mfuko wa rambo uliojaa mikataba, vitambulisho vya kufifia na karatasi za malipo. Siku 18 za utafiti wa lishe Temeke. Siku 40 za kupiga simu kwa washiriki wa utafiti kutoka ofisi moja Mikocheni. Sensa ya 2022, pamoja na mafunzo yake. Siku 11 za maji Mkuranga, siku 63 za elimu Kilwa. Kaka wa Tandika alisoma, mimi nikaandika, Dada wa Ubungo akajumlisha kwenye kikokotoo cha simu. Tangu amalize shahada yake 2019, mikataba 14, siku 391. Kwa saa nane kwa siku ni saa 3,128.

Hakusema kitu kwa muda. Halafu akaomba arudiwe hesabu.

Miaka sita ameambiwa nyumbani kwao kwamba hana kazi. Naye mwenyewe aliamini. Watu wa aina yetu tunajiita "niko niko tu" tunapoulizwa tunafanya nini, ilhali sehemu kubwa ya kinachojulikana kuhusu kaya za nchi hii kimepita kwenye vidole vyetu. Sensa ile ilihesabu watu 61,741,120. Kila mmoja wao aliandikwa na karani fulani aliyebisha hodi.

Ugumu upo kwenye ushahidi. Fomu ya Chevening inafunguliwa kwa kawaida mwezi Agosti, kwa hiyo ana muda, na ukifika kwenye usaili wanahitaji wadhamini wawili wa kukuandikia. Ameanza kuomba barua kwa waliomwajiri. Kampuni moja ya utafiti imemjibu kwamba haina kumbukumbu za wakusanya data wa zamani. Mkataba wake wenye muhuri wao uko mkononi mwake.

Habari nyingine ya mwezi huu: mpango wa DHS, ule wa tafiti za afya na idadi ya watu zilizofadhiliwa na Marekani, umesimamishwa. Hapa kwetu utafiti wa kwanza wa mfululizo huo ulifanyika 1991/92 na wa karibuni 2022. Kaka wa Tandika alibeba kishikwambi kwenye ule wa 2022, Lindi na Mtwara. Alitarajia kuitwa tena.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani imeanza, hatuchemshi chai. Kikao kilikuwa cha Kaka wa Kigogo, mwanafunzi wetu wa uzamivu, ambaye mkono wake ndio ulionyanyuka siku ya kwanza.

Analenga Wenner-Gren, mfuko wa anthropolojia wa New York uliokuwepo tangu 1941. Wana ufadhili wa utafiti wa uwandani kwa wanafunzi wa uzamivu, hadi dola 25,000, na hawabagui uraia wala nchi unayosomea. Maombi hupokelewa mara mbili kwa mwaka, mwisho 1 Mei na 1 Novemba. Mada yake ni familia zilizohamishwa kutoka bonde la Msimbazi kwenda Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011.

Alitusomea sentensi yake: utafiti huu unakusudia kutathmini changamoto za kijamii na kiuchumi zinazowakabili waathirika wa mafuriko. Mwalimu akamwuliza, "Baba, sentensi hii ungeweza kuiandika bila kukaa Kigogo hata siku moja. Niambie, nani alirudi bondeni?"

Akafikiri. Akasema jirani yao mmoja, mama mtu mzima, alipewa kiwanja Mabwepande, akajenga chumba, akakaa miaka miwili, akarudi kupanga chumba kwenye nyumba inayoingia maji kila masika. Kwa nini? Alimwambia kwamba vitovu vya wanawe vyote vimezikwa pale, na kule alikuwa anaamka usiku akijiona mgeni. Lakini pia mchezo wake wa kupeana uko pale, msikiti wake uko pale, na Kariakoo ni mwendo wa miguu.

Tulikaa na jambo hilo saa mbili. Nani alibaki Mabwepande, nani alirudi, na ni nini hasa kinachohama mtu anapohamishwa: kitanda kinahama, deni linahama, je, kitovu? Nyumbani ni mahali gani ikiwa maji yanapajua kukuzidi? Mwishoni swali lake lilikuwa na maneno kumi na tisa, na lisingeweza kuandikwa na mtu mwingine yeyote. Nimemwona akilinakili mara mbili, kwenye daftari lake na nyuma ya tiketi ya mwendokasi.

Jumamosi, 22 Machi

Vibali. Nitaeleza kwa ufupi kwa kuwa ni njia inayochosha kuliko ilivyo ngumu. Mwanafunzi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupata barua ya kibali chuoni, kwa jina la Makamu Mkuu wa Chuo. Mgeni anapitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986, pale Kijitonyama kituo cha Sayansi. Ukishapata, barua inashuka ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wa Wilaya, Mkurugenzi, mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa, mjumbe. Kila ngazi na muhuri wake. Utafiti unaogusa afya una njia yake ya maadili, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Yeyote anayeandika ratiba ya utafiti bila kuutengea mwezi wa mihuri anajidanganya, na wasomaji wa maombi wanaoijua nchi hii wataliona hilo mara moja.

Tatizo letu halisi ni jingine. Wanane kati yetu hatuna chuo. Ufadhili mwingi wa mradi unadai taasisi mwenyeji, mahali pa kupokelea fedha na kutoa barua. Tuliandikia taasisi moja kuomba wenzetu wawili wapewe hadhi ya watafiti washiriki bila malipo. Wiki ya tano sasa, kimya. Tumepiga simu, tumekwenda wenyewe, mlinzi akatuandikisha jina.

Hapa nina neno la kusema, na nalisema kwa moyo wote. Jiji hili lina REPOA tangu 1994 na ESRF, taasisi za utafiti wa uchumi na maendeleo, lina Chuo Kikuu kilichoanza 1961, lina Ifakara, taasisi ya utafiti wa afya yenye ofisi Mikocheni. Wahitimu wanaoweza kufanya utafiti ni wengi kuliko viti vya taasisi hizi zote. Mlango mdogo wa ushiriki, meza moja, barua moja kwa mwaka, ungefungua fedha ambazo sasa hazituruhusu hata kuziomba. Hatuombi mshahara.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Watu watano tu wamefika, Dada wa Ubungo kavua viatu akavuka dimbwi la getini.

Bajeti ya Kaka wa Kigogo. Nauli Mwenge hadi Bunju, bodaboda hadi Mabwepande, chumba cha kupanga miezi kumi, kinasa sauti, unukuzi wa mahojiano, maji na soda za wazee. Wenner-Gren hawalipi makato ya uendeshaji wa taasisi, kwa hiyo hilo halimo. Yote yalikwenda vizuri hadi mstari wa mtafiti msaidizi. Aliandika elfu 20 kwa siku.

Tukamtazama. Mimi nilihisi joto usoni. Dada wa Mbagala ndiye aliyesema, bila ukali: "Kaka, mimi huwa ndiye huyo msaidizi." Kaka wa Kigogo akajitetea kwamba ndicho kiwango alicholipwa yeye mara ya mwisho. Ndiyo, alilipwa hicho, na alikilalamikia mwaka mzima, mimi ni shahidi. Ilichukua nusu saa. Mstari sasa unasema elfu 45 kwa siku, na chini yake tumeongeza sentensi kwamba msaidizi ataorodheshwa kama mwandishi mwenza wa makala atakazoshiriki kuzichambua. Ili hesabu itoshe ameondoa kompyuta mpya. Ataendelea na ya zamani, ile isiyokaa na chaji.

Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha pale. Mtu akipata swali lake anaweza, bila kukusudia, kuwafanyia wengine yaleyale aliyofanyiwa. Tumelinasa mapema, kwenye karatasi, kabla halijawa tabia.

Jumatano, 30 Aprili

Tumetuma saa tatu usiku, siku moja kabla ya mwisho. Tulikuwa wanne, kwa Kaka wa Kigogo, mezani kwa mama yake. Faili moja lilikataa kupanda mara tatu kwa sababu lilikuwa kubwa, tukalipunguza. Ujumbe wa kupokelewa ulipoingia mama yake akauliza, "Wamekupa?" Tukamweleza kwamba majibu huchukua miezi. Akasema basi tule.

Jumamosi, 17 Mei

Siku ya ajira. Kaka wa Tandika ameitwa kazini: ufuatiliaji na tathmini, mkataba wa miezi sita, shirika la ndani. Ni jibu la barua aliyoiandika upya kabisa baada ya ile ya mahali kumi na mbili. Aliandika aya nzima juu ya jinsi alivyogundua Mtwara kwamba watu walielewa neno "kaya" tofauti na dodoso lilivyolielewa, na jinsi walivyorekebisha. Kwenye usaili walimwuliza kuhusu hilo peke yake. Hatakuwepo Jumamosi hadi Novemba. Kiti chake tumekiacha.

Upande wa pili wa siku hiyohiyo. Nafasi za kuanzia ualimu wa chuo kikuu zimetangazwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Sharti ni wastani wa alama 3.8 kwenye shahada ya kwanza. Dada wa Ubungo ana 3.6. Ana makala mbili zilizochapishwa, amefundisha masomo ya ziada kwa miaka minne, na hakuna kisanduku cha kuyaandika hayo kabla mfumo haujamkataa. Naelewa kwamba milango inahitaji kipimo. Lakini alama alizopata mtu akiwa na miaka 21, huenda mwaka huo anauza vitumbua ili alipe chumba Sinza, zinamfungia mlango wa utafiti akiwa na 33, na hakuna anayeona nchi inapoteza nini. Tumemsajili kwenye orodha ya wanaotafuta uzamivu wenye ufadhili kamili nje ya hapa. Makerere, kwenye taasisi yao ya utafiti wa jamii, kuna programu ya miaka mitano iliyoanza 2012. Anasoma masharti yake wiki hii.

Jumamosi, 14 Juni

Majibu matatu ya kukataliwa, yote wiki moja. Mawili yana mistari miwili tu. La tatu, kutoka kwa mfuko wa Ulaya, lilikuwa na maoni ya wasomaji wawili, kurasa mbili na nusu. Lilikuwa la Kaka wa Mburahati, mada yake ni vijana wa bodaboda na bima. Nililisoma kwa sauti, nikifasiri. Msomaji wa kwanza anasema mada ni muhimu lakini mbinu hazieleweki. Wa pili anauliza: mwombaji amewahi kukaa kijiweni na watu hawa, na kama ndiyo, mbona andiko halionyeshi?

Amekaa nao kijiweni tangu akiwa na miaka 15. Kaka yake ni dereva pale. Hakuliandika kwa sababu alidhani si la kitaalamu.

Tumeanza kuliandika upya palepale. Kikao kilikwisha saa nane.

Jumanne, 1 Julai

Leo USAID, shirika la misaada la Marekani, limefungwa rasmi. Nimeandika tarehe tu.

Jumamosi, 12 Julai

Dada wa Mbagala ameleta ukurasa wake.

Mwezi uliopita alikwenda Chanika kwa nauli yake, magari mawili na bodaboda. Hakuchukua kishikwambi wala fomu. Majibu ya mradi ule ni ya mradi, hatayagusa, na alimwambia Mwalimu hivyo kabla ya kwenda. Alikwenda kuomba radhi kwa kuondoka katikati ya maneno. Yule mama hakuwepo, alimsubiri kwa jirani hadi saa sita. Aliporudi na beseni lake la ndizi alimtambua, akamkaribisha, na wakakaa hadi alasiri. Akamalizia habari ya mtoto. Na katika kumalizia akataja kitu ambacho dodoso lile halikuwa na mahali pa kukiweka: fedha za hospitali, na baadaye za msiba, zilitoka kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kali. Rejesho kila Alhamisi. Alichukua mwingine kulipa wa kwanza, na wa tatu kulipa wa pili. Makochi yamekwenda. Mumewe anajua mmoja tu.

Ukurasa wa Dada wa Mbagala unauliza: mwanamke anayeishi kwenye mikopo mitatu anamficha nani upi, na siri hiyo inamgharimu nini kuliko riba? Anataka kuwauliza pia kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, kwa nini wanaiona iko mbali wakati kausha damu anagonga mlangoni na daftari lake. Nimesikiliza tafiti nyingi za mikopo zikiwasilishwa kwenye kumbi zenye viyoyozi. Sijawahi kusikia swali la siri likiulizwa hivi.

Mwalimu alimwomba arudie kusoma. Halafu akamwuliza kama yule mama anajua kwamba swali limetoka kwake. Anajua. Alimwambia kabla hajaandika, na akiruhusiwa kufanya utafiti, yeye ndiye atakayeombwa kwanza, na ana haki ya kukataa.

Agosti atajaza fomu ya Chevening kwa saa zake 3,128. Insha ya mipango ya baadaye sasa ina kitu cha kusema. Na akirudi, maana sharti lao ni kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili, ana mahali pa kuanzia.

Jumamosi, 19 Julai

Hali ya daftari leo. Matangazo yaliyosomwa tangu Februari: 73. Maombi yaliyotumwa: 11. Yaliyokataliwa: matatu. Kazi: moja. Yanayosubiri majibu: saba, la Wenner-Gren likiwa mojawapo. Barua za uthibitisho wa kazi alizopata Dada wa Mbagala: tisa kati ya 14. Taasisi tuliyoiandikia imejibu hatimaye, inaomba tueleze sisi ni akina nani. Tunaandaa jibu. Vijana wawili waliomaliza mwaka huu wamekuja kuomba kujiunga, wamesikia kwa Kaka wa Mburahati. Mmoja aliuliza kama inaruhusiwa kuja bila kuwa na swali. Nimemwambia hata sisi tulikuja hivyo.

Kabla hatujaaga, Mwalimu alinigeukia. "Na wewe, binti yangu? Miezi sita umeandika ya wenzako."

Nilikuwa na jibu, kwamba kutunza daftari ni kazi. Sikulitoa. Njiani kwenda kituo cha daladala cha Simu 2000 nilikuwa namfikiria mama wa Chanika na vile visanduku, na maelfu ya mambo niliyowahi kuambiwa na watu ambayo hayakuwa na kisanduku: nimeyasikia, nimeitikia, nimebonyeza "hapana" au "haihusiki", nikaenda mlango wa pili. Yako wapi? Mkusanya data anayabeba wapi, na yanamfanya nini?

Nimeandika mstari wa kwanza usiku huu, nimeufuta mara mbili, umebaki wa tatu. Nitausoma Jumamosi ijayo, saa tatu.